Ajira Imekwisha, Vumbi Limebaki

Katika machimbo madogo ya dhahabu ya Geita, Kahama na Chunya, nchini Tanzania, jiwe lililotolewa duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, huishia kwenye karasha. Kwanza vijana huligonga kwa nyundo mpaka liwe kokoto. Kokoto humwagwa ndani ya pipa la chuma lenye mipira ya chuma, injini ya dizeli ikawashwa, pipa likazunguka. Pipa linapofunguliwa, unga wa kijivu hupanda juu na kutanda, nyusi za mwendeshaji zikabadilika rangi. Yeye hukaza kitambaa alichojifunga puani, huchota unga kwa ndoo na kujaza kiroba kingine. Jioni atajikung'uta, ataoga, na vumbi lote linaloonekana litaondoka mwilini mwake.

Lisiloonekana ndilo lenye madhara. Vumbi la chembe kubwa hunaswa na vinyweleo vya pua na ute wa koo, mtu akapenga kamasi au akakohoa, likatoka. Lakini chembe zenye upana wa mikroni chache tu hupita vizuizi vyote hivyo. Mikroni moja ni sehemu ya 1,000 ya milimita, na unywele wa binadamu una upana wa takribani mikroni 70. Chembe ndogo kiasi hicho huelea hewani kwa saa nyingi baada ya mashine kuzimwa, na zikivutwa hufika mpaka kwenye vifuko vya hewa, mahali ndani kabisa ya mapafu ambapo damu huchukua oksijeni.

Hatari zaidi kati ya chembe hizo ni za silika, madini yanayopatikana karibu kila mahali: kwenye mchanga, kwenye miamba ya graniti, kwenye mawe meupe yanayobeba dhahabu, kwenye zege, matofali na vigae. Jiwe likiwa zima halimdhuru mtu. Balaa huanza linapopasuliwa, linapochorongwa, linapokatwa kwa grenda au kusagwa.

Silika ikifika kwenye vifuko vya hewa hukutana na seli za ulinzi, ambazo kazi yake ni kumeza kila kitu kigeni na kukiangamiza. Seli humeza chembe, lakini haziwezi kuiyeyusha. Chembe huiua seli, seli inapopasuka humwaga kemikali zinazochochea uvimbe, na chembe ile ile huachwa huru kumezwa na seli nyingine. Mzunguko huo huendelea miaka nenda miaka rudi, hata baada ya mfanyakazi kuacha kazi. Kila penye uvimbe mwili hujenga kovu, na kovu halipitishi hewa. Pafu lililokuwa laini na lenye kutanuka huanza kukakamaa. Ugonjwa huo huitwa silikosisi.

Kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi kujitokeza. Vumbi likiwa zito sana, huja kati ya miaka 5 na 10, na pale ambapo mtu amevuta kiasi kikubwa kupita kiasi, miezi michache hutosha. Mwanzoni mgonjwa hahisi lolote. Baadaye hukohoa kikohozi kikavu, hupumzika katikati ya kilima alichozoea kukipanda bila kusimama, kisha hufika wakati hata kuvaa shati kunamfanya aheme. Hakuna dawa inayoondoa makovu yale. Tiba iliyopo hupunguza mateso tu, na kwa wachache wenye uwezo, katika nchi chache, kuna kupandikizwa mapafu.

Kuchelewa huko kujitokeza ndiko kunakoufanya ugonjwa huu uwe wa dhuluma. Anayeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi huonekana na kila mtu, na ajali huandikwa siku hiyo hiyo. Anayevuta vumbi leo ataugua akiwa kijijini kwao, mkataba umekwisha, mgodi umefungwa, na mwajiri aliyemlipa hayupo tena. Hakuna anayehusisha kikohozi cha mzee na kazi aliyoifanya akiwa kijana.

Kuna kizuizi kingine katika kuutambua: kifua kikuu, au TB. Mapafu yenye silika hupoteza uwezo wa kupambana na vimelea vya TB, hivyo hatari ya mgonjwa wa silikosisi kupata kifua kikuu ni mara kadhaa zaidi ya ile ya mtu mwingine, na hatari hiyo hubaki naye maisha yake yote. Akiwa pia na virusi vya UKIMWI, hatari huongezeka tena. Magonjwa haya mawili hufanana: kikohozi, kukonda, kuhema, madoa kwenye picha ya eksirei. Matokeo yake wapo wachimbaji wanaopewa dozi ya TB mara ya kwanza, ya pili na ya tatu ilhali vimelea havionekani kwenye makohozi, kwa sababu kinachoonekana kwenye picha ni makovu ya vumbi. Wengine wana magonjwa yote mawili, hutibiwa moja, kisha hurudishwa kwenye vumbi lile lile.

Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha mkoani Kilimanjaro, inalijua jambo hili kwa karibu. Ilianza mwaka 1926 kama kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu, na haiko mbali na Mirerani, yanakochimbwa madini ya tanzanaiti. Wana-Apolo, kama wachimbaji wa Mirerani wanavyoitwa, hufanya kazi kwenye mashimo marefu na membamba, penye hewa haba, vumbi la kuchoronga na moshi wa baruti. Madaktari wa Kibong'oto wamechunguza mapafu ya wachimbaji hao na kukuta silikosisi, kifua kikuu na mapafu yaliyobanwa vikiandamana katika jamii moja.

Upande wa dhahabu, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima hewa wanayovuta wachimbaji wadogo wa Tanzania. Chini ya ardhi, wastani wa vumbi la silika ulikuwa miligramu 16.85 katika kila meta moja ya ujazo ya hewa. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ni miligramu 0.05. Yaani wachimbaji wale walikuwa wakivuta mara 337 ya kiwango hicho. Hata waliokuwa juu ya ardhi, wakiponda na kusaga, walivuka kikomo karibu mara nne.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1556, mtaalamu wa madini Georgius Agricola aliandika kuhusu wachimbaji wa milima ya Carpathia, huko Ulaya, ambao vumbi liliwala mapafu kiasi kwamba kulikuwa na wanawake walioolewa na waume saba, mmoja baada ya mwingine, wote wakafa mapema. Mwaka 1700, daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu kizima kuhusu magonjwa ya wafanyakazi. Aliwataka madaktari wenzake waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Miaka zaidi ya 300 imepita, na katika zahanati zetu nyingi swali hilo bado haliulizwi. Kwenye kadi ya mgonjwa kuna nafasi ya jina, umri na kijiji. Kazi ikiandikwa, huandikwa "mkulima" au "mfanyabiashara", hata kama mtu huyo ametumia miaka 15 ndani ya duara.

Marekani ilijifunza kwa gharama kubwa. Mwaka 1930, katika jimbo la West Virginia, kampuni ilianza kutoboa handaki kupitia mlima ili kupeleka maji kwenye mitambo ya umeme, mahali panapoitwa Hawks Nest. Maelfu ya wanaume, wengi wao Wamarekani weusi waliokimbia ukosefu wa kazi, waliajiriwa. Mwamba ule ulikuwa karibu wote ni silika. Walichoronga pakavu, bila maji, kwa kuwa kuchoronga pakavu kulikuwa kwa haraka zaidi, na hawakupewa barakoa. Wengi walianza kufa kabla hata ya handaki kukamilika. Mtafiti Martin Cherniack, aliyechunguza kumbukumbu zilizobaki miaka ya 1980, alikadiria kwamba vifo vilifikia 764. Bunge la Marekani lilifanya kikao cha uchunguzi mwaka 1936.

Kwa Afrika, somo kubwa zaidi limetoka kwenye dhahabu ya Afrika Kusini, na somo hilo linagusa hadi Tanzania. Wakati wa ukoloni, shirika la kuajiri wafanyakazi wa migodini lililojulikana kama Wenela lilichukua vijana kutoka Msumbiji, Malawi na Zambia za leo, na pia kutoka nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika, wakiwamo Wanyakyusa wengi. Walikwenda kwa mikataba, wakarudi na mablanketi, baiskeli na fedha za mahari. Tanganyika ilisitisha usafirishaji huo baada ya Uhuru.

Wakati wengi walioathiriwa na vumbi la migodi hiyo wakinyamaza, Mwafrika Kusini mmoja aliamua kudai. Thembekile Mankayi alifanya kazi chini ya ardhi tangu mwaka 1979 hadi 1995, akaugua silikosisi na kifua kikuu. Fidia aliyopewa kwa mujibu wa sheria ya magonjwa ya migodini ilikuwa randi 16,320. Aliishtaki kampuni ya AngloGold Ashanti, na kampuni ikajibu kwamba anayelipwa chini ya sheria ile hana haki ya kushtaki tena. Mwezi Machi 2011 Mahakama ya Katiba ilisema haki hiyo anayo. Mankayi alikuwa amefariki siku chache tu kabla ya hukumu kusomwa.

Hukumu ile ilifungua mlango. Mwaka 2016 mahakama mjini Johannesburg iliruhusu wachimbaji kushtaki kwa pamoja, na mwaka 2019 iliidhinisha makubaliano ya takribani randi bilioni 5 kati yao na kampuni sita za dhahabu. Mfuko uitwao Tshiamiso uliundwa kuwatafuta na kuwalipa wagonjwa, au familia zao kama wao wameshafariki, katika nchi zote walikotoka. Makubaliano hayo yanawahusu waliofanya kazi kuanzia Machi 12, 1965. Vijana wa Tanganyika waliochukuliwa na Wenela na kurudi makwao kabla ya tarehe hiyo hawamo.

Si mgodini tu. Kila vumbi lina namna yake ya kudhuru. Vumbi la pamba na mkonge huleta ugonjwa ambao wafanyakazi wa viwanda vya nguo wameujua kwa siku unayoanzia: mtu hupumzika Jumapili, Jumatatu akirudi kwenye mashine kifua kinabana, na kadiri wiki inavyokwenda anapata nafuu. Daktari Richard Schilling aliuchunguza kwa kina miaka ya 1950 katika viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza. Mfanyakazi akiachwa aendelee kuvuta vumbi kwa miaka, nafuu ile hutoweka, na kifua hubana kila siku.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway, wamezunguka sehemu nyingi za kazi nchini Tanzania wakiwafunga wafanyakazi vifaa vya kupimia hewa. Katika viwanda vya mkonge walikuta vumbi zaidi kwenye idara ya brashi, pale nyuzi zilizokaushwa zinaposafishwa, na huko ndiko malalamiko ya kikohozi yalikozidi. Katika viwanda vya kukoboa kahawa walikuta wafanyakazi wakikohoa na kubanwa kifua kuliko watu wasiofanya kazi hiyo. Katika mgodi wa makaa ya mawe, waliokuwa wakifungua njia mpya kwa kuchoronga miamba ndio waliovuta vumbi jingi zaidi. Katika kiwanda cha saruji, sehemu za kusaga mawe na kufungasha mifuko zilikuwa mbaya zaidi, na vipimo vya kupuliza hewa vilionyesha kuwa kadiri mtu alivyokaa kwenye vumbi ndivyo mapafu yake yalivyopungukiwa nguvu. Mmoja wa watafiti wa saruji, Dk. Julius Mwaiselage, baadaye alikuja kuongoza Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam.

Saratani nayo imo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la silika katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1997. Vumbi la mbao, lile linalotanda kwenye karakana za samani za Keko, Dar es Salaam, na kwingineko, lilitangulia kuingizwa katika kundi hilo mwaka 1995, kwa sababu ya saratani za pua.

Na kila teknolojia mpya huja na vumbi lake. Nchini Uturuki, mtindo wa suruali za jinzi zilizopauka uliwaua vijana waliokuwa wakipuliza mchanga kwenye vitambaa ndani ya vyumba visivyo na madirisha. Serikali ilipiga marufuku kazi hiyo mwaka 2009. Mawe ya kutengenezwa kiwandani kwa ajili ya meza za jikoni, ambayo baadhi yake yana silika zaidi ya asilimia 90, yaliwaletea mafundi wa Australia silikosisi wakiwa bado vijana. Kuanzia Julai 1, 2024, Australia imekuwa nchi ya kwanza duniani kuyapiga marufuku. Katika miji yetu graniti na vigae vinakatwa kila siku kando ya barabara kwa grenda kavu, fundi akiwa amefumba macho na kugeuza uso pembeni.

Jambo la kutia uchungu ni kwamba silikosisi inazuilika kabisa, tena kwa njia zinazojulikana tangu zamani. Ya kwanza ni maji. Mashine ya kuchoronga inayopitisha maji kwenye ncha yake hulifanya vumbi kuwa tope kabla halijapanda hewani. Grenda yenye mpira wa maji hufanya vivyo hivyo. Jiwe likilowanishwa kabla ya kupondwa, na karasha likisaga penye maji, hewa hubaki safi zaidi. Ya pili ni kuifunika mashine na kuweka feni ya kufyonza vumbi pale pale linapotokea, kabla halijamfikia mtu. Ya tatu ni kupanga kazi: wasiohusika wakae mbali, na mtu mmoja asiachwe sehemu yenye vumbi mwaka mzima.

Barakoa huja mwisho, baada ya hayo yote, ingawa waajiri wengi huanza na kuishia nayo. Kitambaa, leso au barakoa nyepesi ya hospitali havizuii chembe za silika. Kinachofaa ni barakoa ya kuchuja, ya daraja la N95, FFP2 au zaidi, inayobana uso bila kuacha mwanya. Mwenye ndevu haimkai sawasawa, na ikilowa au kuziba hubadilishwa. Mfanyakazi aliyepewa barakoa moja kwa mwezi hajakingwa.

Kuna mazoea mawili yanayoweza kukomeshwa kesho asubuhi bila kununua chochote. La kwanza ni kufagia pakavu: sakafu inyunyiziwe maji kwanza. La pili ni kupulizia ovaroli upepo wa kompresa ili kuondoa vumbi, jambo ambalo hulirudisha vumbi lote usoni mwa mtu na wenzake. Nguo za kazi zibaki kazini na zifuliwe huko, zisipelekwe nyumbani kwa watoto.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, na inamtaka mwajiri apime afya za wafanyakazi kabla ya kuanza kazi, wakiwa kazini na wanapoondoka. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kukusanya michango mwaka 2015. Mchango hulipwa na mwajiri peke yake, na mfuko hulipia matibabu, ulemavu na wategemezi pale ugonjwa unapothibitika kutokana na kazi. Kenya ina sheria mbili za mwaka 2007, moja ya usalama kazini na nyingine ya fidia, maarufu kama WIBA. Shirika la Kazi Duniani na Shirika la Afya Duniani yalitangaza mwaka 1995 mpango wa kuitokomeza silikosisi duniani ifikapo 2030.

Tatizo ni nani anafikiwa. Mwenye kiwanda kilichosajiliwa hukaguliwa. Kijana wa duarani anayelipwa kwa mgawo wa mawe, kibarua anayechukuliwa asubuhi getini, fundi wa vigae na mama anayegonga kokoto za graniti kwenye vilima vya Mwanza hawana mkataba, hawana mwajiri anayeandikwa popote, na hakuna anayewachangia. Ndio wanaovuta vumbi zaidi. Mamlaka zinazotoa leseni za uchimbaji mdogo zina uwezo wa kuweka sharti la kuchoronga na kusaga kwa maji, na vyama vya wachimbaji vina uwezo wa kununua vifaa kwa pamoja. Hilo lisipofanyika, gharama italipwa na familia na hospitali za serikali.

Anayefanya kazi kwenye vumbi asisubiri mpaka ashindwe kupumua. Akienda hospitali kwa kikohozi, ataje kazi yake mwenyewe hata asipoulizwa: nini anachimba au kukata, kwa miaka mingapi, pakavu au kwa maji. Aombe eksirei ya kifua na kipimo cha kupuliza hewa, apimwe makohozi kabla ya kuanzishiwa dozi ya TB, na kama anavuta sigara aiache, kwa kuwa moshi huongeza madhara ya vumbi. Mikataba, vitambulisho vya kazi, hati za malipo na majibu ya vipimo avihifadhi nyumbani, yeye na mkewe au mumewe wajue vilipo. Ugonjwa ukija baada ya miaka 20, karatasi hizo ndizo zitakazothibitisha kwamba aliupata kazini.